Mbuzi kwenye Maduka Mawili

Kazi yangu ilikuwa kumgongesha mbuzi ukutani. Nilikaa mbele ya kompyuta nikamtembeza kwenye korido za jengo la ghorofa, na kila nilipofika penye ukuta nilimsukuma aingie. Ukuta ukimzuia, nasogea kidogo kulia, namsukuma tena. Ukuta ukikubali akapenya, napiga picha ya skrini, nampelekea kaka yangu aurekebishe, kisha naanza ukuta mwingine. Mama alikuwa akipita mlangoni na beseni la nguo, anachungulia.

"Bado unacheza tu?"

"Nafanya kazi, mama."

"Kazi ya mbuzi," anasema, anaenda zake kuanika.

Gemu yenyewe tuliiita Mbuzi wa Ghorofani. Haina bunduki wala majini. Mbuzi katoroka, kaingia kwenye jengo la watu, anapanda ngazi kwenda juu huku akila anachokikuta: mapazia, viatu vilivyoachwa mlangoni, mikataba ya mwenye nyumba. Wapangaji wanamfukuza na mafagio. Akifika paani, kashinda. Kaka ndiye aliyeandika programu. Rafiki yake, ambaye hata mama alimwita Mchoraji, alichora kila kitu mpaka vumbi lililo chini ya makochi. Mimi niliyeishia darasa la saba niligonga kuta na kujibu wateja, maana wale wawili hawawezi kuongea na mtu asiyewafahamu bila kugombana naye. Kaka aliniita Mkaguzi. Mchoraji aliniita Mama Kuta.

Tulifanyia kazi kwenye chumba cha uani kilichokuwa stoo. Feni ilikuwa moja, na iligeuzwa upande wa kompyuta. Nikilalamika joto, kaka anasema, "Wewe una jasho la kukupoza. Mashine haina."

Alikuwa ameacha ajira kwenye kampuni ya uchapishaji kwa ajili ya mbuzi huyo. Bosi wake wa zamani alikuwa anampenda, akamwambia nafasi yake itakuwa wazi hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo anaajiri mwingine. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyekuwa akiendesha nyumba muda wote ule, na yeye maneno yake huwa hayana kona.

"Nimemvumilia huyu mbuzi kuliko nilivyokuvumilia wewe," alimwambia kaka mbele yetu sote. "Mwisho wa mwezi kama hajatembea, unavaa shati, unarudi ofisini. Na sitaki kusikia 'ngoja kidogo'."

Kaka alikubali. Sote tulijua maana yake. Yeye akirudi ofisini, gemu imekwisha; Mchoraji anarudi kuandika mabango ya maduka ya watu, na mimi narudi dukani kwa shangazi kupanga sabuni.

Sasa, gemu za kompyuta siku hizi haziuzwi kwenye boksi. Zinakaa kwenye maduka ya mtandaoni. Mteja analipa, anapakua, anacheza. Maduka ya namna hiyo yako mengi, ila ukisema ukweli lipo moja. Sisi tuliliita Duka Kubwa. Karibu kila anayecheza gemu kwenye kompyuta yumo humo. Gemu zake za miaka yote zimo, marafiki zake wamo, hata ugomvi wake wa zamani umo. Kila unachouza, Duka Kubwa linamega karibu theluthi kabla yako. Kaka aliliita baba mkwe: anapakua kwanza, na wewe unasubiri ukitabasamu.

Duka Dogo lilikuwa jipya. Lenyewe lilimega kidogo tu, na ukiliandikia unajibiwa na mtu. Mtu mwenyewe alikuwa mwanamke mmoja mchangamfu, tukazoea kumwita Dada wa Duka Dogo. Ndiye mtu wa nje wa kwanza kumfikisha mbuzi wetu paani. Siku moja alinipigia akicheka hadi akakohoa, akaniambia ukimbana mbuzi kati ya friji na dirisha, mbuzi anatokea nje ya jengo, anatembea hewani. Mimi nilikuwa nimeligonga lile friji pande zote, ila sikuwahi kumbana hivyo. Nilimpenda kuanzia siku hiyo.

Duka Kubwa lilituahidi kitu kimoja ambacho Duka Dogo halikuwa na uwezo nacho: rafu ya mbele. Ijumaa ya wiki ya kutoka kwa gemu yetu wangeiweka kwenye ukurasa wa kwanza, mahali ambapo kila anayefungua duka anapaona apende asipende. Gemu isiyokaa hapo ni kama haikutengenezwa. Kaka alibandika ule ujumbe wa ahadi ukutani, juu ya feni, wifi auone kila akiingia.

Tuliitoa Jumanne, kwenye maduka yote mawili, kwa bei moja. Mchoraji alilia kidogo, akasingizia vumbi.

Jumatano asubuhi nilifungua ukumbi wa maoni wa Duka Kubwa nikakuta moto.

"Wezi nyinyi. Mbuzi huyu huyu yuko Duka Dogo kwa nusu bei."

"Kwa hiyo sisi tuliowahi ndio mafala?"

"Mbuzi mmoja bei mbili, huu ni mnada?"

Nilimwita kaka. "Umeshusha bei Duka Dogo?"

"Nimetoa jana, nishushe bei leo? Nina wazimu?"

Tukafungua, tukaona. Ukurasa mzima wa Duka Dogo ulikuwa na maputo, na kila gemu ilikuwa na kuponi ya punguzo juu yake, ya kwetu ikiwemo. Kaka akampigia Dada, akaweka simu kwenye spika.

"Ni sherehe ya mwaka wa duka," alisema Dada. "Nyinyi mnalipwa kama kawaida. Punguzo tunalibeba sisi. Nilidhani mtafurahi."

"Tungefurahi kama mngetuuliza."

"Mliulizwa, kaka yangu. Wakati wa kujisajili kuna kisanduku: shiriki ofa zote za duka."

Kaka akamgeukia Mchoraji, ambaye ndiye aliyejaza usajili.

"Usinitazame hivyo," alisema Mchoraji. "Kilikuja na tiki yake tayari. Mimi nilijua ni pambo."

Kabla ya chakula cha mchana ujumbe ukaingia kutoka Duka Kubwa. Ulisema wamebaini kwamba bidhaa yetu inapatikana kwingine kwa bei nafuu zaidi, kwamba tuwape wateja wao masharti yaliyo sawa, na kwamba nafasi yetu kwenye rafu ya mbele imesitishwa hadi jambo hilo lirekebishwe. Chini hapakuwa na jina la mtu.

Kaka aliandika jibu refu. Alieleza kuponi si yetu, kisanduku, sherehe, kila kitu, kwa adabu ambayo sijawahi kumwona nayo nyumbani. Jibu lilirudi kabla hajaondoa mkono kwenye kipanya: asante kwa kuwasiliana nasi, maoni yako ni muhimu kwetu.

"Limesoma haraka," nilisema.

"Liulize kama limekula," alisema Mchoraji.

Akaandika tena, kwa ufupi. Asante kwa kuwasiliana nasi. Akaandika mara ya tatu neno moja tu, ambalo sitaliweka hapa. Maoni yako ni muhimu kwetu.

Ndipo kaka alipopata wazo. Alijinyoosha kwenye kiti kama mtu aliyepona. "Ni rahisi. Wanataka bei sawa? Nawapa bei sawa. Nashusha Duka Kubwa ifanane na ya kuponi, Ijumaa inapita, tunarudisha."

Hakuna aliyempinga. Nami sikumpinga, lilionekana jambo la akili. Akashusha, akahifadhi, akapiga makofi mara moja. Mimi nikafungua Duka Dogo kuhakikisha, maana mazoea ya kugonga kuta hayaishi.

"Kaka. Huku imeshuka tena."

"Imeshukaje?"

Duka Dogo nalo lilikuwa na sheria yake: gemu isiwe ghali kwao kuliko kwa jirani. Walikuwa na mashine inayochungulia maduka mengine kutwa nzima. Ilipoona tumeshusha kwa Duka Kubwa, ikashusha bei ya kawaida ifanane, kisha kuponi ikang'ata juu ya hiyo mpya. Pengo likabaki palepale.

Kaka akashusha tena. Nikasubiri, nikafungua upya. Nako kumeshuka. Alikuwa ameshawaka sasa, hasikii. Akashusha mara nyingine, kama mbwa anayefukuza mkia wake, na mimi kila mara nikawa namsomea kilichotokea upande wa pili, na kila mara ni kilekile.

"Endelea, ndugu yangu," alisema Mchoraji. "Ikifika jioni tutakuwa tunawalipa wao wacheze."

Kaka akaacha. Alikaa akiitazama bei, ambayo sasa ilikuwa sawa na ya soda. Akasema basi, nairudisha ilipokuwa, tutafikiri upya. Akaandika bei ya zamani, akabonyeza. Duka Kubwa likakataa: bei ikishashushwa haipandi hadi mwezi upite. Alibonyeza tena na tena, kama mtu anayegonga mlango wa choo chenye mtu ndani.

Wifi alirudi kutoka kazini akatukuta tumekaa kimya, feni inavuma.

"Nani kafa?"

"Bei," alisema Mchoraji.

Wifi alitutazama mmoja mmoja, akautazama ule ujumbe wa ahadi ukutani. Hakuuliza zaidi. Akamwambia kaka, "Shati lako la bluu nimelifua," akaingia ndani. Nadhani alikuwa hana nia mbaya, shati lilikuwa limefuliwa kweli. Lakini kaka alishika kichwa.

Alhamisi nilimpigia Dada mwenyewe, nikamwomba aitoe gemu yetu peke yake kwenye kuponi.

"Nimeshajaribu, mdogo wangu. Nimemfuata bosi hadi kwenye gari lake. Kuponi ni ya duka zima. Gemu ama imo dukani na kuponi yake, ama haimo dukani."

"Hadi lini?"

"Sherehe inaisha Jumapili ijayo."

Na rafu ya mbele ilikuwa kesho. Niliporudisha habari hiyo chumbani, Mchoraji alisimama. Ni mtu mrefu, akisimama mle ndani anaiinamia taa.

"Tubaki Duka Dogo," alisema. "Wale ni watu. Wanapokea simu. Duka Kubwa linakula theluthi yetu, halafu linatupangia hadi bei ya kwa jirani, halafu halina hata jina chini ya barua. Kila siku hapa tunalitukana. Leo ndiyo siku yenyewe ya kulikatalia."

"Mkaguzi," alisema kaka bila kugeuka, "nani kanunua Duka Dogo?"

Nilitazama. Walikuwa wachache, ningeweza kuwasalimu kwa majina. Mmojawao ni binamu yetu, tena nilimsukuma mimi anunue kule ili tuliunge mkono duka lenye ubinadamu.

"Wachache kwa sababu hatujawaambia watu," alisema Mchoraji. "Waambie, Mama Kuta. Wewe wanakusikiliza."

Nikaandika kwenye ukumbi wa maoni. Niliandika taratibu, nikafuta, nikaandika tena. Nilisema Duka Dogo linamwachia mtengenezaji sehemu kubwa zaidi, na kwamba kwa sasa kule gemu ni nafuu kuliko huku, kwa hiyo anayetaka kutusaidia na kujisaidia aende. Sikuona mtu anawezaje kukataa kitu cha bei ndogo.

Walikataa. Hata hasira hawakuwa nayo. "Dada, gemu zangu zote ziko hapa, sitaki mlango wa pili." "Nikinunua kule marafiki zangu hawataona nimefika ghorofa ya ngapi." "Niliwahi kufungua akaunti kule, nikasahau neno la siri, nikaachana nayo." Mmoja akasema, "Ikiwa hapa nalipa hata zaidi. Kule hata bure sifungui."

Niliwaelewa, hilo ndilo lililoniudhi. Gemu ninazozicheza mwenyewe nikichoka na mbuzi ziko Duka Kubwa. Sijawahi kukaa nikachagua. Nilikuta kila mtu yumo, nikaingia, nikaweka vitu vyangu, na sasa vitu vyenyewe ndivyo vinanishika mguu. Hakuna aliyefunga mlango. Ni uvivu wa kuhama tu, na wao wanauuza kama bidhaa.

Nilimsomea kaka majibu. Mchoraji alisikiliza yote, akatoka nje akasimama uani karibu na kamba ya nguo, kichwa kati ya mashuka.

"Itoe Duka Dogo," alisema kaka.

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayeongea nao."

"Na Mchoraji?"

"Mchoraji hana mke mwenye shati mkononi."

Nilimpigia Dada kwanza. Nilianza na samahani, akanikatisha.

"Usijieleze. Nyinyi si wa kwanza wiki hii. Wote mnaanza na samahani."

"Wengine nao wamebanwa hivi hivi?"

"Hivi hivi. Tulipunguza bei ili watu waje. Watu hawakuja. Aliyekuja mbio ni Duka Kubwa, kuangalia tumeandika bei gani."

"Na bosi wako anasemaje?"

"Anasema tatizo ni kuponi kuwa ndogo. Mwaka kesho ataiongeza."

Tukacheka, ila si kile kicheko chake cha siku ya friji. Akaniuliza kama nimekaa mbele ya mashine, nikasema ndiyo. Akasema, "Basi bonyeza nikiwa nakusikia, yaishe." Nikabonyeza. Mashine ikauliza nina hakika? Nikabonyeza tena. Ukurasa wetu ukawa mweupe, maputo yamebaki pembeni.

"Imetoka," alisema Dada. "Naiona huku. Haya, mdogo wangu. Kazi njema."

Ijumaa mbuzi wetu alikuwa kwenye rafu ya mbele, ametoa ulimi, pazia mdomoni. Hakuna aliyetuandikia kwamba tumesamehewa, tulifungua tukamkuta. Watu walimiminika. Kwa bei ile ya soda, na baba mkwe akipakua kwanza, kilichobaki kwenye kila mbuzi kilikuwa kidogo, lakini mbuzi walikuwa wengi. Jumatatu kaka alimpigia bosi wake wa zamani akamshukuru, akamwambia aajiri mtu mwingine. Wifi alikuwa amesimama pale pale akisikiliza.

"Haya, kaa na mbuzi wako," alisema, lakini alimshika bega aliposema, na jioni hiyo alikaa kiti changu akacheza hadi ghorofa ya tatu, akimtukana kila mpangaji.

Kwa hiyo tulipata tulichokitaka. Nilisubiri furaha ifike. Mchoraji alirudi kazini, akachora mapazia mapya kama alivyoombwa, lakini akizungumza alisema "gemu yenu". Kaka alisikia, nami nilisikia, na hakuna aliyemrekebisha.

Wiki iliyofuata ikajitokeza hitilafu. Kwenye ghorofa ya juu kabisa, mbuzi akiingia kwenye lifti huku anatafuna, mlango unamfungia na haufunguki tena. Malalamiko yalianza asubuhi. Kaka aliipata, akairekebisha kabla ya mchana, akapakia toleo jipya Duka Kubwa, na papo hapo likawafikia wote bila wao kufanya lolote. Wakaandika asante. Nilikuwa nawajibu mmoja mmoja simu ilipolia. Alikuwa binamu.

"Dada, mbuzi wangu kakwama kwenye lifti."

"Najua. Tumeshatengeneza."

"Mbona kwangu bado?"

"Wewe ulinunua Duka Dogo."

"Si wewe uliyeniambia ninunue huko? Ukanipa na hotuba."

"Ni mimi. Tumetoka kule. Tukitengeneza kitu hakipiti tena kuja kwako."

"Kwa hiyo mbuzi anakaa kwenye lifti maisha?"

Niliziba simu kwa kiganja, nikamwambia kaka wale wachache wa Duka Dogo wamekwama, na tungeweza kuwatumia faili lenyewe kwa barua pepe, ni watu wa kuhesabika.

"Hapana," alisema kaka.

"Kwa nini? Walishalipa."

"Nikigawa gemu bure pembeni, Duka Kubwa wakabaini, je?"

"Watabaini vipi faili la binamu yetu?"

"Walibaini kuponi." Alikuwa haninong'onezi mimi tu, alishusha sauti kana kwamba hata feni ni yao. "Mwambie anunue huku. Ni bei ya soda."

Mchoraji aliacha kuchora. Nikaondoa kiganja kwenye simu.

"Nakusikia unapumua, dada," alisema binamu.

"Nipo."

"Ninunue tena, sivyo?"

"Ndivyo kaka anavyosema."

"Huko Duka Kubwa."

"Huko."

Nyuma yake nilisikia muziki wa gemu yetu, ule wa ghorofa ya juu, unajirudia na kujirudia kwa sababu mbuzi hatoki.

"Sawa, nitanunua, wewe ni dada yangu," alisema. "Ila niambie kitu kimoja. Nikishanunua huko, hamtahama tena?"

Nilimtazama kaka. Alikuwa ameshageukia skrini yake, ananisikiliza kwa mgongo.

"Hatuhami," nilimjibu. "Hatuna pa kuhamia."